UZI: Tuchambue mchezo wa chesi wa wachezaji wawili wa kawaida, Buruburu. Injini izimwe kwanza

#1 – MwanaNgome (mwanzisha uzi)

Habari zenu wadau wa ubao.

Kila wiki hapa tunaletewa michezo ya mabingwa kama Carlsen na Kasparov, tunasifia, tunaondoka. Leo nimeleta mchezo wa watu wanaofanana na sisi. Umechezwa Jumamosi ukumbini Buruburu, na wote wawili wamenikubalia niuweke mradi nisiwataje. Mweupe ni fundi wa simu pale Luthuli Avenue. Mweusi ni mwalimu wa shule ya msingi. Hakuna mwenye cheo chochote.

Saa ilikuwa dakika 60 kila mtu na nyongeza ya sekunde 30 kila hatua. Kwa kanuni za FIDE (shirikisho la chesi la dunia), palipo na nyongeza ya sekunde 30 unaandika hatua zako mpaka mwisho, hata ukibakiwa na dakika moja. Ndiyo maana karatasi zote mbili zimekamilika, na ndiyo maana tunaweza kuuchambua. Michezo ya dakika tatu tunayopiga kwenye simu ndani ya matatu haiachi chochote cha kuchambua zaidi ya hasira.

Kwa wageni: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Kitunda hakina herufi. Mraba hutajwa kwa herufi ya njia na namba ya mstari, kama h2. x ni kula, + ni cheki, na nukta tatu baada ya namba ni hatua ya Mweusi. O-O ni kumficha mfalme upande mfupi.

1.e4 e6 2.d4 d5 3.exd5 exd5 4.Nf3 Nf6 5.Bd3 Bd6 6.O-O O-O 7.Bg5 Bg4 8.Nbd2 Nbd7 9.c3 c6 10.Qc2 Qc7 11.Rfe1 Rfe8 12.Rxe8+ Rxe8 13.Re1 Rxe1+ 14.Nxe1 Bxh2+ 15.Kh1 Bd6

Ufunguzi wa Kifaransa, ule wa kubadilishana vitunda mapema. Mnaona Mweusi alivyofanya? Kuanzia hatua ya tatu mpaka ya kumi na moja anaiga tu. Askofu kwa askofu, malkia kwa malkia, ngome kwa ngome. Ubao umekuwa kioo. Wengi wakifika hapa huanza kuwaza sare na chai.

Halafu ghafla, hatua ya 14, kitunda cha h2 kinaondoka na cheki juu yake.

Swali langu la kwanza kabla sijaendelea: Mweupe alikosea hatua ya ngapi? Jibuni bila kuwasha Stockfish, ile injini (programu ya kompyuta) ya chesi. Sehemu ya pili, yenye uhondo zaidi, naiweka baadaye.

#2 – KituNdaMkaidi

14.Nxe1. Farasi ndiye alikuwa analinda h2, kaondoka, kitunda kimeliwa. Rahisi.

#3 – MwanaNgome

Angalia tena, ndugu. Baada ya 13...Rxe1+ ni cheki. Malkia yuko c2, hafiki e1. Farasi wa d2 hafiki. Mfalme yuko g1, hagusi e1. Kete pekee inayoweza kuila ile ngome ni farasi wa f3. Na asipoila, amepoteza ngome nzima. Hatua ya lazima haiwezi kuitwa kosa.

#4 – DadaWaUmoja

Basi ni 13.Re1. Lakini mimi namtetea kidogo huyo fundi. Vitabu vyote vinafundisha hivyo: kuna njia moja wazi ubaoni, ngome ya adui imeikalia, nenda ukaigombee. Mimi mwenyewe ningecheza Re1 bila kufikiri hata sekunde tano.

#5 – MwanaNgome

Umefika, dada. Na hapo kwenye "bila kufikiri" ndipo nilipotaka tukae.

Nilimuuliza Mweupe, kabla sijamwonyesha chochote, alikuwa anaangalia nini pale hatua ya 13. Akasema: "Nilihesabu h2. Wanaoishambulia ni wawili, askofu na malkia. Wanaoilinda ni wawili, farasi na mfalme. Nikaona niko salama, nikahamia njia ya e."

Sasa hesabu yake ni sahihi kabisa! Wawili kwa wawili. Tatizo ni kwamba alihesabu ubao uliopo mbele yake, hakuhesabu ubao utakaokuwepo baada ya ngome kuliwa. Yule farasi wa f3 alikuwa na kazi mbili: kulinda h2 na kuila ngome itakayotua e1. Mlinzi mmoja wa usiku hawezi kukaa kwenye mageti mawili.

Injini ingekwambia tu kwamba 13.Re1 ni mbaya, ikuwekee alama nyekundu, basi. Haiwezi kukwambia fundi alihesabu nini kichwani. Ndiyo maana nasema izimwe kwanza, iwashwe mwishoni kusahihisha. Mikhail Botvinnik, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1948, alisisitiza sana mchezaji achambue michezo yake mwenyewe kwa maandishi, na zama zile hakukuwa na injini ya kumtafunia mtu.

#6 – Msee_wa_Jevanjee

Swali buda. Baada ya 14...Bxh2+ kwani Mweupe hawezi kumfungia huyo askofu? Anacheza Kf1, halafu g3, askofu anabaki ndani kama mwizi kwenye mabati. Mimi hiyo nimewahi kumfanyia mtu.

#7 – MwanaNgome

Wazo zuri, ila angalia zamu ni ya nani. 15.Kf1 imechezwa, sasa anacheza Mweusi, na askofu anarudi zake d6 kabla g3 haijaja. Hata Mweusi akisinzia akacheza kitu kingine, ukija na 16.g3 anakujibu 16...Bxg3 17.fxg3 Qxg3. Hapo amepata vitunda vitatu kwa askofu mmoja na mfalme wako yuko uchi. Mimi singependa kukaa upande wa Mweupe.

Ujanja wa kumfungia askofu hufaulu pale ambapo hana malkia nyuma yake kwenye mstari uleule. Hapa malkia yuko c7, anaangalia moja kwa moja mpaka h2.

#8 – DadaWaUmoja

Kwa hiyo hatua ya 13 acheze nini?

#9 – MwanaNgome

13.h3 ingetosha kabisa. Inamuuliza askofu wa g4 anakwenda wapi, na inakiondoa kitunda mahali pale pabaya. Akirudi 13...Bh5, sasa ndiyo unacheza 14.Re1, na tazama mtego ulivyogeuka. Mweusi akizubaa hatua moja, unakula 15.Rxe8+, naye hana wa kulipiza isipokuwa farasi wa f6: 15...Nxe8. Farasi huyo ndiye alikuwa analinda h7. 16.Bxh7+ na kitunda ni chako.

Yaani ule mtego haukuwa wa Mweusi. Ulikuwa katikati ya ubao kwa wote wawili, kwa sababu kila kitu kinafanana. Ni wa yule anayewahi kula ngome, na Mweupe kwa 13.Re1 alimkabidhi mwenzake zamu ya kula. Ubao unaofanana hauna usawa unaodhaniwa. Zamu ndiyo tofauti pekee, na zamu inatosha.

(Mweusi naye, mtaniruhusu niseme, hakuwa ameuona mtego tangu mbali. Ameniambia aliuona alipokuwa ameshaishika ngome. Ni sawa. Mwindaji hakatai swala aliyejileta.)

#10 – KituNdaMkaidi

Sawa nimekubali. Leta ya pili.

#11 – MwanaNgome

Haya. Katikati naruka kwa sababu ni kawaida yetu: malkia wakabadilishana, Mweusi hatua ya 22 akamtoa askofu wake wa miraba myeupe akala farasi wa f3, vitunda vya upande wa malkia vikaishana vyote, Mweupe akapoteza kitunda kingine kwa uzembe tu. Hakuna la kujifunza pale ambalo hatulijui.

Twende hatua ya 54. Mweupe ametoka kucheza 54.Nf3. Wekeni ubao:

Weupe: mfalme g2, farasi f3.
Weusi: mfalme f6, askofu d6, vitunda g5 na h5.
Zamu ya Weusi.

Askofu dhidi ya farasi, na juu yake vitunda viwili vilivyoshikana mikono. Ukumbini watu walishaanza kukunja viti. Farasi anatishia g5. Mweusi akacheza 54...Bf4, akiongeza mlinzi wa pili wa g5.

Mweupe akala: 55.Nxg5. Mweusi akalipiza 55...Bxg5. Mweupe 56.Kh1.

Ikaisha sare. Mweusi ana askofu mzima na kitunda, Mweupe ana mfalme mtupu, na ni sare. Semeni ni kwa nini, na semeni Mweusi angecheza nini hatua ya 54.

#12 – Msee_wa_Jevanjee

Ati sare?? Askofu na kitunda dhidi ya mfalme peke yake? Huyo mwalimu aliibiwa. Ama saa ilimwishia. Lazima alikuwa amebakiwa na sekunde, akapanik.

#13 – ShangaziWaPwani

Hakuibiwa, mwanangu. Mimi nipo Nairobi miaka sasa lakini chesi nilifunzwa na marehemu baba yangu barazani Mombasa, na hili alinionyesha kabla hata sijajua kufungua mchezo.

Kitunda cha h cha Weusi kinakwenda kugeuka malkia pale h1. Mraba wa h1 ni mweupe. Askofu wa Mweusi anatembea miraba myeusi tu, maisha yake yote hatakanyaga h1 wala kuitisha. Sasa mfalme wa Mweupe akishaingia pembe ile, nani wa kumtoa? Mfalme wa Weusi hawezi kumsogelea mwenzake. Kitunda hakiwezi. Askofu hapaoni. Ukimbana sana hana pa kwenda na hayumo kwenye cheki, na hiyo ni sare kwa kanuni.

Kingekuwa kitunda cha g au cha f, mambo mengine. Hivi vya pembeni ndivyo vyenye kasoro hiyo, kwa sababu ubao unaishia pale na huwezi kumzunguka mfalme upande wa pili.

#14 – MwanaNgome

Shangazi umemaliza, heshima yako. Na ndivyo karatasi inavyoonyesha. Walicheza hatua nyingi zaidi, Mweusi akizungukazunguka, mpaka: mfalme wa Weusi g3, askofu e3, kitunda h4, mfalme wa Weupe h1, zamu ya Weupe. Hesabu miraba yake: g1 askofu anaiona, g2 na h2 mfalme wa g3 anazishika. Hana cheki, hana hatua. Sare.

Sasa swali lililobaki: 54... nini?

#15 – DadaWaUmoja

Nimekaa nayo kwenye basi kutoka Umoja mpaka Ambassadeur, kwa hiyo mnivumilie nikikosea.

Nilianza na walinzi. Mfalme anailinda g5, askofu akija f4 anailinda pia. Lakini hata ukiweka walinzi kumi, farasi akila g5 na wewe ukamla, vitunda vimebaki kimoja tu, cha h. Na cha h ni sare. Kwa hiyo kuilinda g5 hakusaidii chochote. Ukisukuma h4, farasi anakula g5 vilevile. Kitunda cha g lazima kiondoke pale.

54...g4.

Kinamtisha farasi, na sasa akitaka kujitoa mhanga kwa kitunda cha g4, ninayemlipiza ni kitunda cha h5. Kitunda cha h kinahamia g, na g si pembeni. Akijitoa kwa h5, nabaki na cha g vilevile. Hana tena kitunda cha kujitolea.

#16 – MwanaNgome

Makofi kwa dada. Hiyo tu.

Na farasi akikimbilia 55.Nh4, mfalme anakuja 55...Kg5: f5 na g6 analiwa, na g2 amekaa mfalme wake mwenyewe. Akirudi 56.Nf3+ usimle, maana 56...gxf3+ 57.Kxf3 inakuachia cha h tena; msogeze mfalme 56...Kf4.

#17 – KituNdaMkaidi

Sasa mimi nimewasha kompyuta, msinilaumu, mmeshamaliza. Kete ubaoni ni sita. Majedwali ya miisho ya mchezo siku hizi yanafika kete saba, kwa hiyo hapa si maoni ya injini, ni jibu kamili lililokokotolewa. Lichess, tovuti ya chesi, wanayo bure. 54...g4 inashinda. Hatua nyingine zote za Weusi, kila moja, ni sare.

#18 – Msee_wa_Jevanjee

Wacha. Hatua moja kati ya zote. Bado mimi nasema ni saa ilimharibia. Mtu akiwa na muda hawezi kukosa hiyo.

#19 – MwalimuMweusi

Hamjambo. Nimetumiwa huu uzi na mwanafunzi wangu wa zamani. Mimi ndiye Mweusi.

Ndugu wa Jevanjee, asante kwa kunitetea, lakini saa ilikuwa na dakika kumi na kitu. Sikuwa na haraka. Nilikaa nikafikiri vizuri na nikacheza Bf4 kwa kujiamini.

Nieleze nilichokuwa nakiona. Farasi anashambulia g5: mmoja. Mfalme anailinda: mmoja. Nikasema niongeze wa pili, nitulie, halafu nisukume vitunda polepole. Hata nilimwona akila. Nikajiambia, akila namla, nabaki na askofu na kitunda, yeye hana kitu, nani hashindi na hiyo? Alipokwenda Kh1 niliona ni woga. Nilianza kuelewa baada ya kama hatua nane, nikiwa nimeshajaribu kumsukuma kutoka pande zote.

#20 – MwanaNgome

Mwalimu, karibu sana. Hii ndiyo thamani ya mchezo wa wenzetu: unaweza kumuuliza aliyekuwa kwenye kiti. Kasparov hatatujibu hapa.

Naomba wadau mlinganishe maneno ya mwalimu na ya fundi kwenye #5. Mmoja: "Wawili kwa wawili, niko salama." Mwingine: "Mmoja kwa mmoja, niongeze wa pili." Hatua ya 13 na hatua ya 54, pande tofauti, ufunguzi na mwisho wa mchezo, lakini mkono ni uleule. Wote walihesabu walinzi kwa usahihi wakasimama pale. Hakuna aliyejiuliza ubao utakuwaje vumbi likishatulia. Fundi angeona f3 iko tupu. Mwalimu angeona kitunda cha h kiko peke yake.

Injini ingewapa makosa mawili yasiyohusiana, moja la ufunguzi na moja la mwisho, na ungeambiwa ukasome ufunguzi na ukasome miisho. Kwa macho yangu ni kosa moja lililochezwa mara mbili.

Na mwalimu usihuzunike. Mwaka 1971, Vancouver, robo fainali ya kumtafuta mpinzani wa bingwa wa dunia, mchezo wa pili. Mark Taimanov, mchezaji wa kiwango cha juu kabisa wa Umoja wa Kisovyeti, dhidi ya Bobby Fischer. Fischer alibaki na askofu na kitunda cha h, na askofu wake hakuwa wa rangi ya pembe ya h8. Taimanov alikuwa na sare mkononi: amtoe farasi, mfalme akimbilie pembeni, basi. Alimsogeza mfalme upande usiofaa akapoteza. Mechi ikaisha 6–0. Fundi wetu wa Luthuli aliona alichokosa Taimanov, na alikuwa amechoka zaidi.

#21 – ShangaziWaPwani

Taimanov alikuwa mpiga piano pia. Labda vidole vilikuwa vinawaza mambo mengine.

#22 – KituNdaMkaidi

Mimi narudi hatua ya 22. Mwalimu, kwa nini ulimtoa askofu wa miraba myeupe? Huyo ndiye angeiona h1. Ungebaki naye, hata farasi akila g5 ungeshinda. Kosa liko hapo, si 54.

#23 – MwalimuMweusi

Kusema kweli, huyu wa miraba myeusi nilimpenda kwa sababu ndiye aliyeniletea h2. Nikaona nimtunze.

#24 – MwanaNgome

Hapo napingana na KituNda. Hatua ya 22 ubaoni kulikuwa na vitunda zaidi ya kumi. Nani angejua kitakachobaki ni cha h? Ukianza kuchagua askofu kwa kitunda kitakachobaki hatua thelathini mbele hutacheza chochote. Ile kumla farasi ilikuwa sawa, kwa sababu aliye mbele kwa kitunda ananufaika kete zikipungua. Hesabu ya rangi ya pembe inaanza pale vitunda vinapobaki vichache, na hatua ya 54 alikuwa bado na g4 mkononi.

Kwamba askofu aliyeshinda kitunda ndiye aliyeshindwa kukipeleka nyumbani, hiyo ni hadithi nzuri ya kusimulia kwenye chai, lakini si kosa.

#25 – KituNdaMkaidi

Tutakubaliana kutokubaliana. Mimi askofu wangu siwatoi hovyo.

#26 – DadaWaUmoja

Swali la mwisho nilale. Kama kitunda kilichobaki kingekuwa cha a badala ya h, Mweusi akiwa na askofu yuleyule?

#27 – ShangaziWaPwani

Kitunda cha a cha Weusi kinageukia a1. Mraba wa a1 ni mweusi. Hapo mwalimu angeshinda.